Mstari Chini ya Kitoroli

Ukitaka kumpata Ambrus, fundi wa samani kuukuu, mtafute siku ya makorokoro. Mara moja kwa mwaka kila mtaa wa Pécs, mji wa Hungaria, hutoa nje vitu visivyotakiwa, na kilichokwisha kuwekwa kando ya barabara hakina mwenyewe tena. Ambrus huwahi kabla ya lori la manispaa. Ndivyo alivyookota kile kitoroli cha kuandalia kahawa, cha mbao ya jozi, chenye rafu mbili na gurudumu moja lililolegea.

Karakanani alikipindua. Upande wa chini ulijaa maandishi ya penseli, mstari chini ya mstari. Aliusoma mmoja tu, wa mwisho, uliokuwa mweusi bado. Akatabasamu, kisha akawasha mashine ya msasa. Wateja wa siku hizi wanapenda vya zamani, ila uzamani wenyewe hawautaki. Baada ya wiki mbili kitoroli kiling'aa dirishani.

Akaingia bibi mmoja na mkongojo.

"Fundi, hicho umekitoa wapi?"

"Kwani umekipenda, bibi?"

"Kupenda! Nimekisukuma miaka arobaini. Kama si chenyewe basi ni pacha wake. Mpwa wangu Lóránt alikuja kunisafishia nyumba nikiwa hospitali natengenezwa nyonga. Akakitupa nje, eti nisijikwae. Moyo anao, akili ndiyo hana."

Ambrus alicheka. Yaliyofuata yalimkausha kicheko.

Bibi Vilma alisema mumewe Gellért, mtu wa reli, hakuwa na maneno mengi. Lakini kila siku ya jina la Vilma, siku ya kalenda ya kuwasherehekea wenye jina hilo, wageni wakishaondoka, alipindua kitoroli akaandika mstari mmoja. Wageni hao hawakualikwa, maana siku ya jina haina mwaliko, anayekukumbuka huja, naye huandaliwa pogácsa, vimkate vidogo vya chumvi. Vilma naye aliusoma mwaka uliofuata, akipiga magoti kufuta magurudumu kabla watu hawajafika.

"Wa mwisho sijausoma," alisema. "Nyonga ilikataa kuinama, naye Gellért akafa wakati wa theluji. Kumwomba mtu anisomee niliona haya. Maneno ya mume na mke yale. Nimekubali kupasuliwa ili nipige magoti, basi. Hebu kipindue, mwanangu."

Ambrus akakipindua. Bibi akapitisha kiganja kwenye ubao, mara moja, mara mbili. Ulikuwa laini, mtupu.

Hapo ndipo Ambrus angesema. Lakini aliona aibu, na aibu ikamtia uongo kinywani.

"Si chenyewe, bibi. Hiki nilikitoa Szeged."

"Ah!" Uso wa Bibi Vilma ukachangamka. "Basi changu bado kipo. Kuna mtu anacho."

Furaha ile ndiyo iliyomtesa Ambrus mwaka mzima. Kitoroli kilinunuliwa, kikaenda zake Budapest, lakini uso ule haukumtoka.

Siku ya makorokoro iliporudi alitoka mapema kama kawaida. Mbele ya rundo la viti vilivyovunjika alimkuta Bibi Vilma amepiga magoti kwenye lami yenye maji, anapindua meza ndogo ya magurudumu.

"Bibi, unatafuta dhahabu?" jirani mmoja alimtania toka dirishani.

"Natafuta mume!" akajibu, na watu wakacheka.

Ambrus hakuweza tena. Alipiga magoti kando yake.

"'Mwaka huu hakuja mtu,'" akasema polepole. "'Pogácsa zote tumezila wawili. Katika siku zako zote, hii ndiyo niliyoipenda zaidi.'"

Bibi Vilma aliacha mkono juu ya mguu wa meza.

"Kweli hakuja mtu," alisema. "Mvua ilinyesha kutwa. Nilioka sinia nzima ya pogácsa, nikalia jikoni, nikidhani Gellért hakuniona." Kisha akamgeukia. "Kumbe kilikuwa chenyewe."

"Kilikuwa chenyewe, bibi. Nilikipiga msasa. Nisamehe."

"Na mwaka mzima ukaniacha nitafute."

Ambrus alinyoosha mkono amwinue, lakini Bibi Vilma hakuushika. Alibaki amepiga magoti pale pale, midomo ikicheza, akiyarudia maneno ya Gellért moja moja, asije akayasahau, maana sasa hayakuwa yameandikwa popote.