Zamu ya Jikoni

Bibi alikuwa akisugua sufuria ya chai pale binti alipoingia kutoka kazini na kofia yake ngumu kwapani. Alisugua kwa pupa, kama kawaida yake, ingawa alifariki miaka mingi kabla na hakuna mtu aliyekuwa akimharakisha. Povu lilimfika viwikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua hivyo viatu, nimedeki sasa hivi."

Binti akavua. Viatu vilikuwa vimegandwa na saruji, kwa kuwa aliendesha kreni kwenye ujenzi wa jengo refu katikati ya mji. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo pale, na mafundi walimbandika jina la Dada Juu kabla hata hawajajua anaitwa nani.

Baba yake alijivunia hilo kupita kiasi. Kwa kinyozi hapakuwa na mteja ambaye hajasikia habari za kreni ile. "Dunia imebadilika," alikuwa akisema sebuleni, kikombe amekinyoosha upande wa jikoni bila kugeuza shingo. "Zamani nani angemkabidhi mwanamke mtambo kama ule?" Hapo bibi hutoka na chupa ya chai na kummiminia. Alikuwa mama mkwe wake. Enzi za uhai wake baba asingethubutu kumtuma hata maji ya kunywa, lakini mtu akishakufa watu humzoea.

Karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na marehemu wake. Kutoka kwenye kibanda cha kreni, jua likielekea kuzama, binti aliwaona wakija kwa miguu kutoka upande wa makaburini, wamekunja mikono ya nguo zao, kila mmoja akikata kona kwenye geti lake. Walikuwa wanawake peke yao. Wanaume waliokufa walibaki wamekufa. Siku moja alimuuliza msimamizi wa ujenzi kwa nini iwe hivyo. Msimamizi akafikiri kidogo, akasema pengine wanaume huchoka zaidi, kisha akamwonyesha nondo za kupandisha.

Zamu ile ilikuwa ya siku nyingi. Mama yake bibi, aliyeishi wakati ambao mwanamke hakuweza kuandikishwa hata shamba alilolilima kwa mikono yake, alirudi jioni ya siku aliyozikwa, akaosha vyombo mpaka bibi naye alipofariki. Bibi mwenyewe, vita ilipochukua wanaume, aliajiriwa kiwandani kuendesha mashine ya nyuzi, na aliendesha vizuri. Vita ikaisha, wanaume wakarudi, akapewa mkono wa shukrani na kuonyeshwa mlango. Mama alikuwa mpiga chapa ofisini, mwepesi wa vidole kuliko wote. Alipoolewa, utaratibu wa ofisi ukamtaka aache kazi, wakamkatia keki. Binti akapanda kreni. Kila mmoja alifika mbali kuliko mama yake, na sinki lilikuwa lile lile.

Jioni ya mazishi ya bibi, mama yake bibi alivua aproni, akamfunga bibi kiunoni, akatoka kwa mlango wa nyuma na hakuonekana tena. Mama aliisimulia habari hiyo huku akipiga pasi mashati ya kaka. Aliisimulia kama mtu anayeeleza basi hupita saa ngapi.

Bibi alishika jioni tu. Kutwa nzima ilikuwa ya mama. Kwa mshahara wake wa kwanza binti alimnunulia kiti cha kuegemea chenye mto mwekundu, akakiweka karibu na dirisha. Mama alikisifu, akakipangusa, akaanza kuwekea nguo zilizoanuliwa. "Nikifa nitakikalia mpaka chenyewe kiombe msamaha," alisema akicheka. Halafu akamwona bibi ameinamia sinki, kicheko kikamwishia mdomoni.

Mama alipolazwa hospitali, moyo umechoka, hakuzungumzia dawa wala nyumba. Alimvuta binti mkono.

"Mwanangu, sitaki zamu."

"Hutaishika, mama."

"Usiseme tu ili kuniridhisha."

"Hutaishika. Nimekuambia."

Binti akawaita baba na kaka yake kwenye ukumbi wa wodi. Aliwaeleza kwamba siku ikifika, vyombo vyote vioshwe kabla jua halijazama, ili mama asikute kazi ya kumfunga. Na waoshe wao. Akiosha yeye, kesho yake atakuwa kazini, na mambo yatarudi yalipokuwa.

"Hilo tu?" kaka akasema. Alikuwa karani wa bima, mtu mpole, mwenye machozi ya karibu. "Yaani vikombe vinishinde mimi?"

"Mama yenu amenifanyia mengi," baba akasema. "Siwezi kumwangusha kwa sahani."

Walisema kweli. Wote wawili walimpenda, na hilo ndilo lililomtesa binti baadaye, kwa sababu angependa kuwa na mtu wa kumchukia.

Siku ya mazishi ya mama watu walijaa nyumba nzima. Vikombe vilijaza sinki, vikahamia mezani, vikashuka hadi sakafuni. Binti alikaa sebuleni akipokea pole, jicho moja likifuata mwanga uliokuwa ukipanda ukutani.

"Kaka, vyombo."

"Nakuja sasa hivi. Namsindikiza mjomba hapo nje."

Alimsindikiza mjomba, wakapiga soga getini. Mwanga ukaifikia saa ya ukutani.

"Kaka."

"Dakika moja, dada. Moja tu."

Shangazi akamgusa binti bega. "Mwache kaka yako, mwanangu," akanong'ona. "Amefiwa."

Binti akamgeukia baba. Baba alikuwa amefumba macho, shavu limelowa. Bila kuyafumbua akaomba chai.

Akaenda jikoni mwenyewe. Wakati bado ulikuwepo, na alilijua hilo. Alifungua bomba, akakunja mikono ya gauni, kisha akasimama na hasira yake, maji yakienda bure. Alitaka washike wao. Mara moja tu katika maisha yao, na iwe leo. Angekuja kulijutia hilo mpaka uzeeni, kwamba alishindwa kuosha vikombe kwa ajili ya mama yake kwa sababu alikuwa na haki. Jua likazama akiwa bado anataka.

Bibi akaingia, akamsogeza taratibu, akaanza na glasi. Haukupita muda mlango wa nyuma ukafunguliwa, mama akaingia na nguo aliyozikwa nayo, nywele zimechanwa vizuri kuliko alivyowahi kuzichana mwenyewe. Bibi akavua aproni, akamfunga. Akamshika shavu kwa mkono wenye povu, akatoka bila kufunga mlango.

"Mama, kaa kwanza," binti akasema. "Kiti chako kipo pale."

"Nitakaa. Ngoja nimalizie hivi viwili vitatu."

Kaka akaingia amebeba kikombe chake, na kisahani chake pia. Hakuwahi kukifikisha mwenyewe jikoni tangu azaliwe. "Shikamoo, mama," akasema. "Nilikuwa nakuja kuviosha, haki ya Mungu." Akakiweka juu ya vingine, polepole, kisije kikavunjika.

"Marahaba, baba. Kapumzike."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Wifi, huyu umemlea," akasema. "Umeona? Kakileta mwenyewe."

Wakarudi sebuleni. Binti akachukua kitambaa, akawa anafuta kila mama alichosuuza. Walifanya kazi muda mrefu, na mkono wa mama ulikuwa wa baridi kila ulipogusana na wake. Alitaka kuomba radhi, akafuta kikombe kingine. Kwenye kiti cha dirishani kulikuwa na makoti ya wageni.

"Kesho unaingia kazini saa ngapi?" mama akauliza, bila kuinua kichwa. "Nikunyooshee ovaroli kabla sijaondoka."

Binti hakuwa na ovaroli nyingine safi.

"Saa kumi na mbili asubuhi," akasema.