Wakazi wa Jioni wa Nyamihanga

Jumanne, saa kumi na mbili kasoro jioni, Protase alikuwa jikoni anamenya ndizi. Binti yake Deodatha, mwenye mimba ya miezi minane, alikaa kwenye kigoda akichambua maharage. Evaresta, mke wa Protase aliyefariki miaka sita iliyopita, alikuwa ameshaingia kutoka kaburini kwake, kule nyuma kwenye migomba, akakaa karibu na moto kama kila siku. Ndipo karani wa kuhesabu watu akapiga hodi.

Karani huyo ni Kauthar, binti wa mwenye duka la vitenge pale stendi. Alikuwa na kishikwambi na fulana mpya yenye maneno mgongoni. Akatoa shikamoo kwa Protase, akatoa nyingine kwa Evaresta, wote wakaitika. Akaeleza kwamba mji mdogo wa Nyamihanga, huu ulio kati ya Omurushaka na Kayanga, unahesabu wakazi wake, na swali kubwa ni moja tu: jana nani alilala hapa?

Protase hajawahi kumdanganya mtu wa ofisini, ingawa wao wamemdanganya tangu ana meno yote. Akajibu watatu. Evaresta akasahihisha kwamba yeye halali ndani, analala migombani, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Kauthar akauliza kama migomba ile ni ya kaya hii. Ni ya kaya hii. Basi akaandika watatu.

Umri, arobaini na moja, haujaongezeka. Kazi?

"Kwa sasa sina," Evaresta akasema.

Ameumwa lolote mwaka huu? Hajaumwa.

Taarifa ikafika kwa Byarugaba, mtendaji wa mji, mtu aliyeletwa kutoka Muleba kusimamia mji ambamo hajawahi kulala hata siku moja. Alikuwa amepungukiwa watu mia sita na kumi na nane ili Nyamihanga ipandishwe daraja. Mtu mwenye akili timamu angeuliza marehemu anaandikwaje. Byarugaba akauliza wako wangapi wengine.

Wakatumwa makarani jioni, nyumba kwa nyumba, kibanja kwa kibanja. Huku watu huzikwa nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyekosekana. Marehemu walijibu vizuri kuliko walio hai, maana walikuwepo na nafasi walikuwa nayo. Wengine ni wa zamani mno, miaka yao hawaijui. Wakaandikiwa mia na kumi wote, yaishe. Idadi ikatimia na ikabaki mtu mmoja wa ziada.

Protase alifurahi, na alikuwa na sababu. Miaka sita iliyopita Evaresta alishikwa na uchungu jioni, zahanati imeshafungwa tangu saa tisa, muuguzi kaenda semina. Majirani wakambeba kwa machela kuelekea hospitali, njia ya Omurushaka. Akafia pale kwenye mikaratusi, na mtoto tumboni. Byarugaba alikuja msibani, akala, akashiba, akasimama kusema kwamba watu wa Nyamihanga ni wachache mno. Kituo cha afya chenye wodi ya wazazi na gari la wagonjwa hupewa mji wenye idadi. Haya, sasa idadi hiyo hapo. Na Deodatha amebakiza wiki nne.

Mji ukapandishwa daraja. Likaja bango la kukaribisha wageni. Likaja gari jeupe la mtendaji. Kikaja kiti cha kuzunguka, na Byarugaba akawa anazunguka. Kituo cha afya hakikuja. Wiki tatu zikapita hivyo.

Jumatatu Protase akavaa koti lake la mazishi, akaenda ofisini. Aliwekwa kwenye benchi mpaka saa nane, kama kawaida yao. Mtu asipokaa sana kwenye benchi wanaona hajahudumiwa. Alipoingia akasema neno moja tu, kituo cha afya.

"Mzee Protase, takwimu hazina undugu," Byarugaba akasema, huku akigeuza kompyuta ili mzee aone. "Mji huu una wakazi mia sita na kumi na tisa ambao hawajaumwa hata mafua. Miaka na miaka. Hakuna mji wenye afya kama huu. Nikiomba kituo watanicheka."

"Hao wamekufa."

"Wameandikwa."

"Mke wangu alifia njiani kwa kukosa hicho kituo."

"Na tangu hapo hajaumwa tena," Byarugaba akasema. Hakusema kwa kejeli. Watu hawa hata aibu wanangoja waletewe kwa barua, tena yenye mhuri.

Akaongeza kwamba kwa takwimu hizo hizo, dawa za zahanati zitapunguzwa kuanzia mwezi ujao, ziende kwa wenye shida. Akamtakia mzee siku njema.

Protase akarudi kwa miguu. Jioni Evaresta alipoingia, alimuuliza wamesemaje.

"Wamesema hamuumwi."

"Ni kweli, hatuumwi," Evaresta akasema.

Deodatha alikuwa anapanga vitu kwenye beseni: wembe, glavu, uzi, khanga mbili. Alipomaliza akaanza upya, kama vile safari hii vitaongezeka.

Evaresta akatoka nje, akaenda vibanja vya jirani, akarudi na wanawake watatu marehemu kama yeye, mmoja wao wa wale wa mia na kumi. Wakaishusha machela darini, ilikokaa miaka sita, wakafuta masizi. Wakamlaza Deodatha, wakamzungusha nyumba mara mbili ili wajue uzito wake. Walibeba vizuri, hawakuhema. Protase akatembea nyuma yao na beseni.

Yule wa mia na kumi akauliza, siku ikifika, nani atatangulia. Evaresta akasema atatangulia yeye, kwa sababu njia anaijua mpaka pale kwenye mikaratusi. Kutoka hapo kwenda mbele itabidi waulize.