Asiinuke Mtu

Sowrirajan aliondoka nyumbani saa tisa na robo kwenda kunyolewa ndevu, akamwambia mkewe ni dakika ishirini tu. Na mkewe, Padmasini, akamwamini! Miaka thelathini na tatu ya ndoa, na bado mtu anamwamini mume anayekwenda kwa kinyozi siku ya tano ya mechi ya kriketi ya siku tano.

Siku yenyewe haikuwa ya mzaha. Saa kumi kamili bwana Desikan na familia yake walikuwa wanakuja kumwona Vaidehi, binti pekee wa nyumba ile, kwa ajili ya mtoto wao Mukundan. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili, kama kila mtu mtaani anavyojua, saa mbaya inaanza saa kumi na nusu. Ikishaingia hiyo, halisemwi neno la posa mpaka jua litue. Kwa hiyo neno lilitakiwa litoke ndani ya nusu saa. Vaidehi alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na wachumba wanne walishakuja. Wote wanne walikula halua na bajia, wakanywa kahawa, wakaenda zao bila kusikia sauti ya binti. Alikuwa anakaa kimya mpaka waondoke, halafu anasema simtaki. Sowrirajan alishaanza kukosa usingizi. Huyu wa tano naye akienda hivyo, alijiambia, basi tena, mwanangu atazeekea jikoni kwangu.

Kwa kinyozi Masilamani televisheni iko juu ya kioo, kwa hiyo mteja hana pa kukwepea. Sowrirajan alipokaa kitini, Basheer, mwenye duka la miwani la jirani, alikuwa tayari kwenye benchi, miguu juu, mdomo wazi.

"Karibu, mzee wetu! Njoo umwone mumeo anavyotuua."

Mume mwenyewe ni Nedumaran, mpigaji wa miaka thelathini na saba. Wateuzi walikuwa wamemrudisha kwenye timu ya taifa wiki tatu zilizopita, na tangu siku hiyo mji mzima ulikuwa haulali kwa ugomvi. Sowrirajan alimwona mara ya kwanza Nedumaran akiwa na miaka kumi na minane, amesimama uwanjani kutwa nzima akapata mikimbio sitini na mmoja tu, na siku hiyohiyo akampenda. Kuna watu wanapenda maua. Yeye alipenda mtu asiyetoka.

"Anaokoa mechi," Sowrirajan alisema. "Kawia ufike, Basheer."

"Ngojangoja yaumiza matumbo! Saa nne amesimama pale, amepata mikimbio kumi na tisa. Mimi kwa muda huo nauza miwani, naoa, naacha. Wallahi, hizi mechi za siku tano zimeshakufa. La kuvunda halina ubani. Siku hizi watu wanataka mechi fupi ya ova ishirini, wanakwenda kula."

"Ndiyo maana mnaharisha."

Masilamani akacheka mpaka ikabidi aondoe wembe shavuni. Yeye alikuwa na lake pia. Kwa maoni yake wateuzi wote ni vipofu, na angependa wapelekwe kwa Basheer wapimwe macho bure. Alikuwa na mpwa wake anayerusha mpira vizuri sana ufukweni, na hakuna aliyewahi kwenda kumtazama.

Shavu la kushoto lilipomalizika, wiketi ya tisa ikaanguka, mpigaji wa tisa katolewa.

Hapo mchezo ukabaki na watu wawili. Upande mmoja Nedumaran, upande mwingine mrushaji mmoja mrefu ambaye kupiga kwake ni kama mtu anafukuza nyuki. Akitoka yeyote kati yao, taifa limeshindwa. Zilibaki ova kumi na tano, mipira sita kila ova. Wakisimama mpaka mwisho, sare.

Masilamani akainua wembe juu. "Asiinuke mtu," alisema.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Miaka mitatu nyuma mteja mmoja, kwenye hali hiihii, alitoka nje kutema tambuu. Alitema, wiketi ikaanguka, nchi ikalia. Siku hizi mtu huyo ananyolewa mtaa wa tatu, na wanawe pia.

Basi Masilamani akaganda na wembe mkononi, Basheer akaganda na miguu juu ya benchi, na Sowrirajan akaganda na povu shavu la kulia. Mpira ukaja, ukazuiwa. Ukaja mwingine, ukazuiwa. Povu likaanza kukauka. Saa ya ukutani ikasogea mpaka saa kumi kasoro tano, na jasho likamtoka mzee wa watu mgongoni.

"Masilamani, ninyoe hukuhuku tunatazama. Nina wageni."

"Mkono wangu ukitembea, wiketi inaanguka."

Saa kumi na dakika nne simu ikalia mfukoni mwa Sowrirajan. Ikabidi kwanza iamuliwe kama inaruhusiwa. Masilamani akafikiri, akatoa hukumu kwamba mkono unaweza kusogea, makalio hayawezi.

"Baba Vaidehi!" Padmasini alikuwa ananong'ona kwa ukali. "Wamefika! Wamekaa sebuleni wananitazama. Uko wapi?"

"Nanyolewa."

"Unanyolewa au unachinjwa? Tangu saa tisa?"

"Zimebaki ova sita, mama. Nikiinuka hapa..."

Padmasini akakata simu. Basheer, ambaye hana dini moja na Sowrirajan wala chama kimoja wala timu moja ya ova ishirini, alimtazama kwa huruma ya kweli. "Vumilia, mzee. Nchi kwanza."

Na yeye akavumilia, Mungu amsamehe. Saa kumi na dakika kumi na mbili simu ikalia tena. Safari hii Padmasini hakuwa na ukali, na hilo likamtisha zaidi.

"Sikiliza. Walipokuja wale wanne nilimvalisha mimi kwa nguvu. Leo Vaidehi kavaa sari ya kijani, kaitoa kabatini mwenyewe. Kaniuliza mara mbili, baba yuko wapi. Sasa wewe kaa hapo na Nedumaran wako."

Sowrirajan akarudisha simu mfukoni. Akaitazama televisheni, akamtazama Nedumaran akikung'uta vumbi kwenye glavu zake. Machozi yalimlengalenga. Halafu akashika mikono ya kiti, akainuka.

"Mzee!" Masilamani alipiga kelele. "Zimebaki ova tatu!"

Basheer akafumba macho. Mpira ukarushwa. Ukazuiwa.

Sowrirajan akatoka na taulo shingoni, ndevu upande mmoja, anatembea upesi kama anayefukuzwa na deni la dhambi. Kila nyumba aliyopita televisheni ilikuwa kwenye mechi ileile, na kila nyumba alingoja kusikia kilio. Hakusikia kitu. Ova moja ikaisha. Akafika kwake saa kumi na dakika kumi na tisa, akavua ndala mlangoni, akaingia sebuleni.

Bwana Desikan alikuwa amekaa kwenye bembea ya mbao katikati ya chumba, ameitazama televisheni, hata mikono hajaosha. Padmasini alisema baadaye kwamba alikataa maji, akakataa bajia, akakataa kusogea ili mto uwekwe mgongoni. Lakini alikuwa mtu wa adabu. Mwenye nyumba akiingia, mgeni huinuka. Bwana Desikan aliangalia televisheni, akamwangalia Sowrirajan na nusu ya ndevu zake, akateseka waziwazi, akainuka, akakutanisha viganja.

Kwenye televisheni Nedumaran akanyanyua mikono, akauacha mpira upite. Mpira haukupita. Uling'oa vijiti nyuma yake; katoka, na taifa limeshindwa.

Kutoka nyumba za jirani kikaja kilio.

"Nimeinuka," alisema bwana Desikan, uso umemparama. "Mimi ndiye."

"Hapana, bwana. Mimi niliinuka kabla yako. Dakika saba kabla."

"Lakini ulipoinuka hakutoka! Kosa langu hili, usininyang'anye."

"Nyumba ni yangu, na kosa ni langu."

Wazee wawili walikuwa wamesimama uso kwa uso, kila mmoja anaidai aibu ya taifa, ndipo Vaidehi akatoka jikoni na sinia la kahawa.

"Hakuna aliyemtoa kwa kuinuka," alisema. "Yule mzee Nedumaran hakuuona mpira."

Padmasini akashika kichwa. Kwenye kiti cha pembeni Mukundan, ambaye mpaka hapo alikuwa anahesabu vigae vya sakafu, akainua uso. "Hauoni tangu mwaka jana," alisema.

"Mwaka juzi. Wateuzi wangemchukua yule kijana wa Salem."

"Wa Salem? Yule mpira ukizunguka anatetemeka!"

"Umemwona akicheza au umesikia kwa watu?"

"Nimemwona."

"Siku zote tano, au vipande vya kwenye simu?"

Kijana akacheka, akasogeza kiti, na Vaidehi akakaa, sinia bado magotini. Miaka yote Sowrirajan alidhani binti yake hapendi kriketi, kwa sababu kila yeye alipoanza kumsifu Nedumaran, binti aliondoka chumbani. Kumbe alikuwa anaondoka asije akamvunjia heshima baba yake.

Na sasa walikuwa wanamchambua, wanacheka. Miguu yake mizito. Wateuzi wanaomwonea haya. Sowrirajan alikuwa na majibu yote tayari ulimini, kwa hesabu na kwa tarehe. Saa ilikuwa kumi na dakika ishirini na saba.

Bwana Desikan akamtazama, akaitazama saa, akamtazama tena.

"Vaidehi," Sowrirajan alisema. "Mwanangu, tuseme ndiyo?"

"Semeni, baba," alijibu bila kugeuka, masikio yamemwiva, halafu akamwambia Mukundan, "Na mikimbio kumi na tisa kwa saa nne, hiyo nayo ni kazi?"

Wakasema ndiyo, zikiwa zimebaki dakika mbili saa mbaya iingie. Nedumaran alitukanwa ndani ya nyumba ile mpaka kahawa ikapoa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Sowrirajan hakumtetea.