Mia Tano kwa Kila Mtu

Mama yangu alikuwa mfupi. Rafu ya pili ya jikoni hakuifikia bila kigoda. Nimonia ilipombana, daktari mkuu wa wodi ya mahututi, ambako mimi ni muuguzi, aliamuru mashine ya kupumulia impe mililita mia tano kila pumzi. Ndiyo ilikuwa sheria yake: kila mtu, mia tano.

"Daktari, mapafu hufuata kimo," nikamwambia. "Tumpime kwanza."

Akacheka mbele ya wenzangu. "Sista, hapa hatushoni nguo."

Siku ya tatu pafu likapasuka, mama akatutupa mkono. Nikala yamini kwamba nitamkomoa daktari yule.

Miaka miwili baadaye nimonia ikamwangusha yeye. Aliletwa asubuhi kwenye kitanda ninachohudumia, hoi, bomba kooni, amelazwa usingizi kwa dawa. Faili lilisema ana sentimita mia moja themanini, kwa maneno yake mwenyewe. Uongo mtupu! Wodi nzima tulijua soli za viatu vyake zilivyo nene.

"Mia tano, kama anavyopenda," akasema daktari wa zamu, akaenda zake.

Nikaweka mia tano. Nikavuta kiti, nikakaa kutazama. Presha ya mashine ikapanda hadi thelathini, mpaka wa hatari, ikapita, king'ora kikaanza kulia. Moyo wangu ulitulia tuli, na sioni aibu kusema hivyo. Hakuna ambaye angenilaumu, faili lingenitetea.

Kisha nikawaza: akifa sasa, atakufa hajui kitu. Watamzika kwa sifa kemkem. Aka! Huyu ataishi.

Nikachukua utepe, nikampima kisigino hadi utosi: mia moja sitini. Nikamwita daktari wa zamu, tukashusha hadi mia tatu arobaini. Tangu hapo nikawa nakagua presha yake na hewa ya damuni kila saa, tukimrekebishia kadiri mapafu yake yalivyotaka. Nilimuuguza kwa hasira, na hasira haisinzii kazini.

Siku ya kumi bomba likatoka. Nikamwekea mapajani karatasi mbili, ya vipimo vyake na ya vipimo vya mama, ambayo penye kimo palikuwa patupu. Alisoma polepole.

"Sista," akanong'ona, "mama yako alikuwa na kimo gani?"

Swali hilo nililisubiri miaka miwili.

"Nenda kaburini ukampime," nikamjibu, nikaenda kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha pili.