Injinia wa Kukariri

Luqman alimaliza chuo India akarudi Tanga na digrii ya uhandisi wa umeme na tai mbili. Bisibisi hakuwahi kuishika. Kazi hakupata, na mwaka 2017 akaenda Johannesburg, akafikia kwa mama yake mdogo, Mwatumu, fundi cherehani wa mtaa wa Bertrams.

Kiwanda kimoja cha pampu kikamwita kwenye usaili. Meneja, Mhindi aliyeitwa Prakash, alimwekea mota mezani.

"Ifungue."

Luqman akaanza kueleza kanuni za mzunguko wa sumaku, neno kwa neno kama kitabuni. Prakash akamsikiliza, kisha akacheka mpaka akavua miwani.

"Chuo gani?"

Luqman akakitaja.

"Ndugu yangu! Na mimi nimesoma vyuo hivyo hivyo. Mota yetu ilikaa kabati la kioo. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa chuo, na mkuu wa chuo alikuwa Dubai."

"Sasa wewe kazi uliipataje?"

"Nilisuka upya koili za feni mbovu miaka miwili kwa mjomba. Darasa letu tulikuwa sitini. Nusu wanauza bima, na wanaiuza vibaya. Nenda kachafue mikono, halafu urudi."

Luqman alifika nyumbani amenuna. Mwatumu hakumbembeleza.

"Mwanangu, nina mota nne za cherehani zimekufa hapo uvunguni. Huwezi kuua maiti."

Aliweza. Ya kwanza aliiunguza, ya pili ikapiga shoti, umeme ukakatika jengo zima, na majirani Wakongo wakatoka ngazini wakiuliza ni mpumbavu gani. "Ni injinia wetu," Mwatumu akawajibu kwa heshima zote.

Ya tatu ilizunguka kinyumenyume. Luqman alikaa sakafuni akiiangalia, akafungua daftari la chuo, na kwa mara ya kwanza akaelewa ukurasa alioukariri miaka minne. Akabadilisha nyaya mbili. Mota ikazunguka sawasawa. Akapiga kelele mpaka Mwatumu akajichoma sindano.

Baada ya miezi mitano alirudi kiwandani, bila tai. Aliifungua mota, akaonyesha koili iliyoungua, akafunga. Prakash akampa kazi, ila si ya uinjinia: awe msaidizi wa Mzee Mthembu, fundi aliyeishia darasa la saba.

"Eish," alisema Mthembu siku ya kwanza, akikagua viganja vya Luqman. "Digrii?"

"Ndiyo, mzee."

"Si kosa lako. Shika hapa."