Hesabu ya Mushaki

Perpétue alijua mambo mawili ambayo bosi wake Athanasie hakuyajua: maua ya glayeli huchukua siku ngapi kuchanua, na Mama Béata alikufa tarehe gani. Hilo la pili Athanasie aliwahi kuambiwa, akalisahau. Mtenda jambo asahau, mtendwa hasahau.

Ilikuwa Novemba 2007, vita vilipofika Mushaki, juu kule milimani Masisi. Watu wote walikuwa wakikimbilia Goma. Athanasie, aliyekuwa akiuza maua makanisani, alikuwa amekwisha kupakia gari. Perpétue alifika amembeba mama yake Béata mgongoni, akaomba mgonjwa apandishwe yeye tu. Athanasie alitazama magunia yake ya vitunguu vya maua, vile vinavyofukiwa ardhini vikatoa glayeli.

"Gari imejaa, dada," alisema. "Muzee akivikalia, vitapondeka."

Mama Béata alifia Sake, kando ya barabara, tarehe kumi na nane, mvua ikimnyeshea. Vitunguu vilifika Goma salama salimini.

Miaka kumi na miwili baadaye, mtunza bustani wa Athanasie alipofariki, Perpétue alitoka mtaa wa Katoyi kwa miguu hadi Keshero, humo humo Goma, kuiomba kazi ile. Athanasie alimtambua, hata akamkumbatia.

"Ilikuwa vita," alisema. "Kila mutu alikimbiza roho yake."

"Ni kweli, mama," alijibu Perpétue, na moyoni alimchukia upya kabisa.

Mwezi wa nane, Athanasie alimwita barazani. Yeye alijua kuuza maua. Kupanda aliwaachia wengine.

"Perpétue, wewe ulilima maua kwa masista. Mariage ya binti yangu Bénie iko tarehe ishirini na moja décembre. Ninataka glayeli nyeupe zichanue siku ileile, famille ya bwana-arusi ione kama ni kwa nani banaingia. Tupande lini?"

"Kule kwetu tulikuwa tunahesabu miezi mine, mama."

Wala hakusema uongo, na hapo ndipo palipokuwa na utamu. Mushaki ni baridi, asubuhi ukungu unalala hadi mlangoni, na ua halina haraka. Lakini Goma kuna joto la ziwani, tena yale mawe meusi ya volkano hushiba jua mchana kutwa na kuirudishia mizizi usiku. Perpétue alikuwa amejaribu vitunguu vitatu katika beseni bovu kule Katoyi. Vilichanua siku ya themanini na tisa. Basi akahesabu kwa vidole kutoka tarehe ishirini na moja Agosti, akaangukia kumi na nane Novemba, akahesabu tena. Alicheka peke yake mpaka jirani akauliza kuna nini.

Walipanda siku hiyo ya ishirini na moja. Perpétue alimwagilia, akapalilia, akaegemeza kila shina kwa kijiti. Hakuna mwajiri aliyewahi kutumikiwa vile. Wageni walisifu, na Athanasie alipokea sifa zote, hakubakiza hata moja.

Jumatatu ya tarehe kumi na nane Novemba, maua ya chini kwenye kila shina yalikuwa wazi, meupe pe. Athanasie alitoka na ndala zake, akasimama.

"Hii ni nini? Ingali mwezi muzima. Siku ya mariage zitakuwa zimekauka zote."

"Ndiyo, mama."

"Na tukipanda tena leo?"

"Zitachanua mwezi wa pili."

"Ulinidanganya."

"Nilikupa hesabu ya Mushaki. Hapa ni Goma, hapa kuko joto."

Athanasie alionyesha geti kwa kidole. "Kata zote. Toa hii takataka mu kiwanja yangu."

Perpétue alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu Agosti. Mpwa wake Nsabimana, dereva, alikuwa getini na gari dogo la mizigo, kama walivyopatana. Walikata mafungu kwa mafungu, wakajaza nyuma hadi juu.

"Munazipeleka wapi?" aliuliza Athanasie.

"Sake. Leo ni tarehe kumi na nane."

Athanasie aliangalia maua, akaangalia gari.

"Béata," alisema polepole.

Akaja hadi getini, akikaza kitenge kiunoni. Machozi yalikuwa yakimtoka, na yalikuwa ya kweli; hata Perpétue aliliona hilo, na halikumgusa.

"Nipandishe na miye, Perpétue. Nikamuombe masamaha pale."

Kiti cha mbele, kando ya Nsabimana, kilikuwa kitupu. Perpétue alichukua fungu moja la glayeli, akalilaza juu ya kiti hicho taratibu, kama anayemlaza mgonjwa, akafunga mlango.

"Gari imejaa, mama," alisema. "Ukizikalia, zitapondeka."