Kioo cha Ghorofa ya Pili

Kioo kilikuwa katikati ya ngazi, na mimi nilikuwa nimeshaamua kumkataa mtu aliyeshika upande wa pili.

Kilikuwa kioo cha dirisha la saluni, kipana kuliko mlango, kizito cha kukata mikono. Mimi nilikuwa juu, nikipanda kinyumenyume. Yeye alikuwa chini, akibeba uzito mkubwa zaidi na kuona kwa niaba yetu sote wawili. Ndivyo mjomba, mwenye karakana, alivyotufundisha. Anayerudi nyuma hageuki kutazama, kwa sababu akigeuka, mabega yanapinda na kioo nacho kinapinda. Anayeona hanyamazi. Na neno "nimechoka" husemwa kabla ya kuinua. Kulisema mkiwa njiani, kwa mjomba, kulikuwa ni kumbebesha mwenzako wakati mikono yake imeshajaa.

Huyo wa chini tulimwita Mrefu, ingawa hakuwa mrefu kiasi hicho. Mjomba ndiye aliyekuwa mfupi, na mjomba ndiye aliyegawa majina. Tulikuwa tumebeba vioo pamoja hadi nikaijua pumzi yake. Wiki iliyotangulia, tukifagia vipande karakanani, aliniuliza kama ningekubali anioe. Aliuliza ameshika ufagio, maskini mtu wa watu.

"Ya nini?" nikamuuliza. Sikuwa namdhihaki, nilitaka kujua kweli. "Kazi tunafanya pamoja. Chakula tunakula pamoja. Ndoa itaongeza nini?"

Alifikiri, akafikiri tena. "Sijui nielezeje. Najua tu kwamba nataka."

Jibu hilo lilinichoma. Mama yangu alinilea peke yake, na kila nilipomtajia mwanamume alisema, "Mimi nimekulea mwenyewe, na sijafa." Alisema kwa kujivunia, nami nikajivunia naye. Lakini nilikuwa nimemwona pia jioni, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu bado miguuni, hana nguvu za kuvivua. Nikiingia tu, anasimama haraka na kuanza kukunja nguo. Tabia hiyo niliirithi nzima nzima. Kwa mtu wa aina yangu, mume wa kujibu "sijui" alikuwa mzigo mwingine wa kupandisha ngazi.

Basi wiki ile nikamnunia. Shida ya kumnunia mtu mnayebeba naye kioo ni kwamba kunyamaziana hakuwezekani.

"Ngazi," alisema. Nikapanda. "Ngazi. Kuna beseni kushoto kwako. Ngazi."

Tulipofika pale ngazi zinapokata kona, mkono wangu wa kulia ukaanza kulegea kwenye kioo. Nilikuwa sijalala vizuri na sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikauma meno, nikajiambia bado kidogo. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe, bila kuniomba ruhusa, ikisema, "Nimechoka."

Nikangoja anikemee. Angekuwa mjomba, angenikemea mpaka ghorofa ya pili.

"Egemeza kwangu," alisema. "Taratibu. Nimeshika."

Akapanda hatua moja, akaingiza bega, kioo kikaegemea ukuta. Kukiachia hatukuweza, wala mmoja wetu hakuweza kwenda kutafuta msaada. Tukasimama pale, kila mtu na mikono yake kwenye kioo. Mteja wa saluni akachungulia kutoka juu, taulo kichwani, akatuona, akarudi ndani. Machozi yakanitoka, na mikono ya kuyafuta sikuwa nayo.

"Usimwambie mjomba," nikasema.

"Kwamba umelia, au kwamba umechoka?"

"Kwamba nimechoka."

"Basi nitamwambia umelia."

Nikacheka, kioo kikatikisika, akanikanya kwa macho. Hakutaja ndoa. Hakuniuliza kama sasa niko tayari. Alitazama tu mkono wangu, akangoja. Nikamkumbuka mama na viatu vyake. Hakuwa dhaifu hata kidogo. Hakuwa na mtu wa kumwambia "nimechoka", basi, na mimi nilikuwa nikijiandaa kwa bidii kuzeeka hivyo hivyo. Nilimhurumia sana mama siku ile, kisha nikajihurumia mwenyewe.

"Twende," nikasema.

Tukakifikisha, tukakipachika, tukafuta alama za vidole. Tuliposhuka mikono mitupu, yeye nyuma yangu, akasema kwa mazoea, "Ngazi."

"Naiona." Nikashuka kidogo. "Lile uliloniuliza, nimekubali."

Akanyamaza, yeye ambaye hanyamazi. Nikageuka kumtazama, kwa kuwa hatukuwa tumebeba kitu.

Mjomba hayupo tena, na vioo wanabeba vijana wengine. Neno lile "nimechoka" nimelisema mara nyingi tangu hapo: watoto walipougua, mama alipofariki, siku nyingine bila sababu yoyote. Mrefu hakuwahi kulisema. Nilifika mahali nikaamini kwamba halijui.

Juzi tulikuwa tukihamisha kabati kutoka chumba cha ndani. Siku hizi goti lake haliaminiki, kwa hiyo yeye ndiye anayerudi nyuma, upande mwepesi, na mimi ndimi ninayeona. Katikati ya korido akasimama. Akainamisha kichwa chake cheupe juu ya kabati.

"Nimechoka," akasema.

"Egemeza kwangu," nikamwambia. "Nimeshika."

Kabati bado liko koridoni. Tunapita ubavu ubavu.